Kikohozi cha Mke Mwenza

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba yetu ya Boko ni mimi kumfungua paka kinywa. Ilikuwa adhuhuri, katikati ya masika ya mwaka 1954, na mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Nilimviringisha paka ndani ya taulo, kichwa tu kikabaki nje, nikambana kati ya magoti na kumkandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko. Binti yangu Genoveva, aliyekuwa na miaka mitano, alinishikia tochi.

"Unaona nini, Baba?"

"Koo."

"Mwiba upo?"

"Haupo. Mulika kooni, Veva. Unanimulika pua."

"Pua yako nayo ina nywele."

Nilicheka, mikono ikalegea, paka akachomoka. Aliruka dirishani akaanza kujilamba mkia bila kututazama, kama bibi harusi aliyekanyagiwa nguo mbele za watu. Veva alicheka mpaka akakaa chini. Sikumbuki kama niliwahi kucheka tena ndani ya nyumba ile.

Nilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Kazi hiyo niliisomea Makerere, na serikali ilinileta Boko, kando ya barabara ya Bagamoyo, nikague ng'ombe waliokuwa wakiswagwa kwenda machinjioni mjini. Wenyeji waliniita Bwana Mifugo. Nyumba niliipanga kwa Aliakbar, mwenye duka, aliyeishi na mkewe Bilkis ng'ambo ya barabara, mlango wao ukitazamana na wetu. Mke wangu Apolonia nilitoka naye Bukoba. Januari ya mwaka ule alikufa kwa kifua kikuu, katika chumba cha mbele.

Paka alikuwa wake. Alimwokota akiwa bado kinda, nyuma ya ghala la duka, na kwa kuwa kila niliposafiri paka yule alilala upande wangu wa kitanda, Apolonia alimwita Mke Mwenza. "Mke mwenzangu leo kakataa dagaa," alikuwa akisema tukiwa mezani. "Hebu mwulize, wewe ndiye mumewe." Wageni kutoka bara walishtuka kusikia Mkatoliki akitania hivyo. Yeye hakujali.

Alipougua nilifanya kila nililofundishwa. Nilimpeleka Veva akaishi kwa Bilkis. Nilichemsha vikombe na sahani. Dirisha la chumba cha mbele lilikaa wazi usiku na mchana. Mama hakuruhusiwa kumshika mtoto, wala mtoto kuingia chumbani. Ugonjwa ulichukua miezi tisa, na katika miezi hiyo Veva hakupata hata mafua. Daktari wa mjini alinipongeza. Apolonia alipokufa nilichoma godoro na nguo zake, nikapaka kuta chokaa mara mbili, nikakiacha chumba kipigwe na jua la kiangazi. Baada ya Pasaka nilimrudisha mtoto nyumbani, nikampa chumba kilekile, kwa sababu ndicho chenye hewa nzuri kuliko vyote.

Wiki ileile paka akaanza kukohoa.

Paka hukohoa kwa sababu nyingi, na nyingi si za kuogofya. Nilianza na nywele, maana paka hujilamba, nywele hukusanyika tumboni, naye hukohoa akijaribu kuzitapika. Nilimpa mafuta ya samaki, nywele zikatoka, kikohozi kikabaki. Nikashuku minyoo ya mapafu, ambayo paka huipata kwa kula mijusi na ndege. Nilitazama choo chake kwa hadubini ya kazini, sikuona kitu. Nikashuku moshi, nikahamishia jiko uani. Nikashuku vumbi la sufi kwenye mto wa Veva, nikauondoa. Nikasikiliza moyo wa paka. Moyo ulikuwa ukienda vizuri.

Watu wa dukani walifurahia sana shida yangu.

"Ng'ombe mia wanapita hapa kila wiki, wote anawajua magonjwa yao," Aliakbar aliwaambia wateja wake. "Kapaka kamoja kanamtoa jasho."

"Ng'ombe hawabishi, Bwana Aliakbar."

"Mpe manjano na asali," Bilkis alisema kutoka nyuma ya magunia. "Mie nimewalea wanangu wote kwa manjano na asali."

"Mama Raza, paka halambi asali."

"Basi lamba wewe, ukae utulie. Unakonda."

Nilikuwa nimebakiwa na sababu moja, na sikuitamka pale dukani. Paka huambukizwa kifua kikuu. Hukipata kwa kunywa maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa, au kwa kuishi na mtu mgonjwa. Huyu alilala miguuni pa Apolonia mpaka siku ya mwisho, na sasa kila Veva alipojilaza, mchana au usiku, alipanda kitandani na kulala juu ya kifua chake. Hakulala pembeni wala miguuni. Alijinyoosha juu ya mbavu za mtoto, uso ukiwa umeelekea ukutani, macho wazi.

Nilimfungia stoo, akatoboa wavu. Nikampeleka kwa Bilkis, akarudi katika mvua, akiwa ameloa mpaka ngozi, akapita moja kwa moja kwenda kitandani kwa mtoto. Nilitaka kumpeleka Veva mjini akapimwe kifua, lakini mto Tegeta ulikuwa umebeba daraja. Kaskazini nako, mto Mpiji ulikuwa umefurika. Kati ya mito hiyo miwili tulibaki sisi, na barabara isiyokwenda popote. Nilimhamishia mtoto chumbani kwangu, lakini kila asubuhi nilimkuta amerudi kwenye kitanda chake. Nilidhani anatembea usingizini.

Basi adhuhuri ile, Veva alipomaliza kucheka, paka aliacha kujilamba pale dirishani akakohoa. Nilimtazama kwa makini, kama nilivyozoea.

Paka anapokohoa hujikunyata, hunyoosha shingo mbele, na kinywa hufunguka. Huyu alifumba kinywa. Alikizuia kikohozi kifuani mpaka mabega yakatikisika. Kisha akashusha pumzi moja, ndefu, ya taratibu, kama mtu anayetua mzigo wa kuni.

"Anakohoa kama Mama," Veva alisema.

Alisema bila huzuni, kama anayetaja rangi ya paka. Nilijua mnyama hukohoa kadiri ugonjwa ulivyomkamata, na ugonjwa mmoja unaweza kutoa sauti zinazofanana. Nilijieleza hivyo nikamwambia mtoto akalale. Aliingia chumbani, na paka akateremka dirishani akamfuata.

Nilivuka barabara kwenda dukani. Bilkis alikuwa peke yake, anapanga mishumaa.

"Naomba bati tupu la biskuti, Mama Raza. Lenye mfuniko unaobana."

"La kuwekea nini?"

Nilimwambia. Nilimweleza kwamba nina klorofomu ya kazini, kwamba mnyama hulala asiamke wala hasikii maumivu, na kwamba mtoto akiambukizwa sitajisamehe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amemlea binti yangu karibu mwaka mzima, na nilitarajia angenielewa.

"Mnyama hajakukosea kitu," alisema.

"Ni mgonjwa."

"Umeuona ugonjwa, au umeudhania?"

"Nikingoja kuuona nitauona kwa Veva."

Akaenda nyuma, akarudi na bati. Hakunipa mkononi. Aliliweka chini sakafuni, katikati yetu, akageuka kuendelea na mishumaa yake. Nilipoinama kulichukua akasema, bila kunitazama, kwamba Aliakbar amesikia maji ya Tegeta yanapungua, kuna watu wanavusha abiria kwa mtumbwi, na kesho asubuhi mvua ikikata watakwenda mjini kwa dada yake, Dolat. "Mtoto nitamchukua," alisema. "Akapimwe. Wewe fanya unayoyafanya."

Ningeweza kungoja kesho. Lakini kulikuwa na usiku mzima kati yetu na kesho, na paka alikuwa amelala juu ya kifua cha mtoto.

Nilimkuta palepale. Veva alikuwa usingizini. Nilipoweka mikono yangu chini ya tumbo la paka alizamisha kucha kwenye shuka, na shuka likainuka pamoja naye. Nilizitoa kucha moja baada ya nyingine. Hakuning'ata. Alinitazama, kisha akatazama tena ukutani, na akaanza kuunguruma, unguruma wa chini sana ambao niliusikia mikononi zaidi ya masikioni. Hakuwa ananiungurumia mimi.

Nilifanya kazi ile barazani, upande wa uani. Sitaieleza. Ilikuwa fupi, na haikuwa na maumivu.

Sheria ya kazi yetu ni kwamba mnyama anayeshukiwa lazima apasuliwe. Nilivaa aproni, nikamlaza kwenye ubao, nikafungua kifua. Mvua ilikuwa imeanza tena, mwanga ulikuwa hafifu, nikawasha taa ya chemli na kuisogeza karibu.

Mapafu yalikuwa safi.

Yalikuwa ya waridi, mepesi, hayana uvimbe wala kovu. Nilikata kipande nikakitia kwenye karai la maji, kikaelea, kama pafu lisilo na ugonjwa. Nilipasua koromeo mpaka chini: hakuna nywele, hakuna mnyoo, hakuna jani lililokwama. Moyo ulikuwa wa kawaida. Nilirudia kila kitu tangu mwanzo, kwa utaratibu, kama mwanafunzi mbele ya mtahini. Paka yule hakuwa na ugonjwa wowote. Hakuna kitu mwilini mwake kilichoweza kumkohoza.

Nikiwa bado nimeyashika mapafu mkononi, nikasikia kikohozi.

Kilitoka chumbani kwa Veva.

Nilikimbia. Nilidhani ni yeye. Nilifika mlangoni nikamwona amelala ubavu, kinywa wazi kidogo, anapumua vizuri. Nilisimama nikivitazama vidomo vyake. Na nikiwa navitazama, kikohozi kikaja tena. Kilizuiwa kifuani, kikatikisa kitanda, kikaishia katika pumzi ndefu ya kutua mzigo.

Vidomo vya Veva havikusogea.

Kitanda kile kilikuwa kipana, kimesukumwa ukutani. Mtoto alizoea kulala katikati. Sasa alikuwa ukingoni kabisa, amekunja magoti, kama mtoto aliyeambiwa asogee ampishe mtu. Nyuma yake, upande wa ukuta, shuka lilikuwa limebonyea.

"Veva," nilinong'ona. "Amka."

"Niko macho."

"Njoo kwa Baba."

"Siwezi. Amenishika."

"Nani?"

Alifungua macho akanitazama, akashangaa kuulizwa.

"Mama. Paka alikuwa hamruhusu."

Nilimshika kwapani nikamnyanyua. Hakunyanyuka. Mtoto niliyekuwa nikimbeba kwa mkono mmoja alikuwa mzito kama gunia la chumvi. Nilivuta, akalia kwa uchungu, nikaacha. Gauni lake lilikuwa limebanwa tumboni, kitambaa kimejikunja katika mstari mmoja, mahali ambapo mkono wa mtu hupita.

"Ananibana, Baba."

Nilisema na mke wangu kwa lugha yetu ya nyumbani. Sauti niliyoitumia ndiyo niliyoitumia wakati wa ugonjwa wake, ya upole, isiyoacha nafasi ya kujadili. Nilimwambia, Apolonia, mwache mtoto. Nilimwambia anajua kwa nini. Miezi tisa alinitii kwa maneno hayohayo.

Mstari kwenye gauni ukakaza.

Kisha Veva akakohoa. Alifumba midomo. Alikizuia kifuani mpaka vibega vikatikisika. Akashusha pumzi.

Sikufikiri tena. Nilipanda kitandani na aproni yangu ya damu. Niliingiza mkono wangu kati ya mgongo wa mtoto na ule ubaridi uliokuwa nyuma yake. Nikaingiza bega. Ilikuwa kama kujipenyeza kati ya ukuta na kabati zito. Nilisukuma. Nikaingiza kifua, nikaingiza nyonga, mpaka nikawa kati yao wawili. Uso wangu ulikuwa kwenye nywele za binti yangu, na mgongo wangu ulikuwa huko.

Gauni likalegea. Veva akavuta hewa.

Na mkono ukanipitia juu ya mbavu.

Hakukuwa na kitu cha kuona. Niliinua kichwa nikatazama. Niliona aproni yangu tu ikizama taratibu chini ya uzito. Kisha magoti yakaja, yakaingia nyuma ya magoti yangu. Magoti yale niliyajua. Ndivyo tulivyolala mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, kabla ya Boko, katika nyumba ya walimu tuliyoazimwa huko kwetu.

Tangu augue sikuwahi kulala karibu naye hata mara moja.

Giza liliingia. Chemli niliiacha barazani, na mvua ikaizima. Nilisikia maji yakipanda uani, yakigonga bati la biskuti kwenye ngazi. Nilijaribu kuteremsha mguu mmoja sakafuni ili nimsukume mtoto nje ya kitanda. Nilipojisogeza, mkono ule ukanyooka juu yangu, ukapita, ukamtafuta Veva. Nywele za mtoto zikasogea, kama mtu anayezitenganisha kwa vidole. Nikarudi nilipokuwa. Mkono ukarudi.

Nilijaribu tena baadaye. Ikawa vilevile.

Nikaelewa nafasi niliyoishika. Ilikuwa nafasi ya paka.

Kikohozi kilikuja kila baada ya muda, kwenye kisogo changu. Kila kilipokuja nilisikia unyevu shingoni na kati ya mabega. Sikuweza kugeuka. Kusema kweli sijui kama nilitaka kugeuka. Nilitaka kumwona na nilijua nikimwona nitamwacha mtoto wazi.

"Baba," Veva alinong'ona. "Analia?"

"Hapana. Lala."

"Mwambie mie najua kuhesabu."

Nikamwambia. Nilipoanza sikuweza kuacha. Nilimweleza kwamba mtoto anajua kuhesabu mpaka hamsini, ingawa anaruka arobaini na saba. Kwamba ameng'oka jino la mbele na Bilkis akalitupa juu ya paa la duka. Kwamba anaomba dua za Waislamu na rozari pamoja, anazichanganya, na sikuwa na moyo wa kumkosoa. Mambo yote yale yaliyotokea ng'ambo ya barabara, mbele ya dirisha lake, mbali na mikono yake. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Uzito juu ya mbavu zangu haukupungua. Lakini haukunyooka tena kuvuka.

Veva alilala. Niliihesabu pumzi yake mpaka nikapoteza hesabu. Hakukohoa tena.

Asubuhi honi ya lori la Aliakbar ilinifumbua macho. Mvua ilikuwa imekata na jua lilikuwa kwenye chokaa ya ukuta. Nilimshika mtoto kwapani, akanyanyuka, mwepesi kama zamani. Nilivua aproni nikaiacha sakafuni. Nilimvika viatu, nikatoka naye kwa mlango wa mbele bila kufunga. Sikugeuka kutazama kitanda.

Bilkis alikaa mbele na mumewe, na sisi tukapanda nyuma, juu ya magunia ya nazi. Hakunisalimu. Lori lilikwenda polepole kwenye tope, na njia nzima nilikaa nimeegemea mbao za ubavuni, Veva akiwa mbele yangu kati ya miguu. Nilimwekea mkono kifuani. Kifua kilikuwa shwari. Mapafu yake yalikuwa yakijaa na kushuka bila mkwaruzo.

Mto Tegeta ulikuwa bado na kelele, maji mekundu yakivuta matawi. Mtumbwi ulikuwa umefungwa kwenye nguzo iliyobaki ya daraja. Aliakbar alitangulia kuingia, akampokea mkewe. Nilimnyanyua Veva. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari majini.

Hapo niliisikia, ndani ya kelele zote zile, kwenye kisogo. Pumzi ndefu, ya taratibu, ya kutua mzigo.

Nilirudisha mguu ukingoni.

"Mpokee," nilimwambia Bilkis. "Dolat ampeleke kwa daktari leo hii. Leo hii, Mama Raza."

"Na wewe?"

"Mimi nina mgonjwa nyumbani."

Alimvuta mtoto mapajani pake. Macho ya Veva yalikuwa yananitazama, kisha yakapanda kidogo, juu ya bega langu, yakatulia hapo. Sikumuuliza anatazama nini. Niligeuka nipande ukingo, na Bilkis akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Bwana Mifugo. Shati lako."

"Lina nini?"

"Mgongoni. Lina damu."

Nilivua nikalitazama pale mbele yao. Aproni hufunika mbele. Damu ya paka isingefika huko. Kati ya mabega, kuanzia kwenye kola kushuka chini, kulikuwa na matone madogomadogo, mengi, yaliyotawanyika kama ukungu, na mengine yalikuwa bado hayajakauka. Nimeona matone ya namna hiyo kwenye leso za Apolonia kwa miezi tisa. Hayo hutoka kifuani. Na hakuna mtu anayeweza kujikoholea mgongoni mwake mwenyewe.

"Ingia humu," Aliakbar alisema. "Ingia upesi, ndugu yangu, twende."

Nilimwambia mwenye mtumbwi afungue kamba.

Walipofika ng'ambo nilimwona Veva akitua nchi kavu, akipanda ukingo kwa miguu yake, Bilkis amemshika mkono. Hakukohoa. Hata kwa mbali ningeyaona mabega yakitikisika.

Nilirudi Boko kwa miguu. Sikwenda haraka, na sikutazama nyuma, ila nilipofika penye madimbwi makubwa nilipita majini, nikamwachia Apolonia njia iliyo kavu. Nyumbani nilimzika paka uani, mahali palipoinuka. Kisha niliingia chumba cha mbele nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikauweka ufunguo mfukoni. Sikubadili shati. Nilijilaza ubavu kwenye kitanda cha binti yangu, ukingoni, uso nimeuelekeza mlangoni, nikamwachia nafasi upande wa ukuta.